Mchanga wa Quionga na milima iliyopotea

QUIONGA, Msumbiji. Anayechimba kisima katika mji huu mdogo hushuka katika mchanga na udongo hadi akutane na maji, na jembe lake haligongi jiwe gumu. Jiwe lililo karibu ni matumbawe ya ufukweni, ambayo waashi wa pwani hii huyachonga kujengea na huyachoma kupata chokaa. Jiwe la kunolea panga hutoka bara.

Kwa mfanyabiashara anayevuka Ruvuma kutoka Mtwara, mchanga huo ni kero tupu. Gari hukwama. Mdomoni mwa mto mafungu ya mchanga huhama, njia ya boti ya mwaka jana ikawa si njia ya mwaka huu, na nahodha analazimika kusubiri maji yajae ndipo avushe watu, mchele na madumu ya mafuta.

Hata hivyo mchanga huo una kwao. Sehemu kubwa ya punje zake ngumu zinazong'aa juani ni kwatzi, na kwatzi hiyo ilimeguka kutoka katika miamba ya zamani sana iliyo mbali bara, pande zote mbili za mto. Ukanda huohuo wa miamba ndio uliozaa rubi ya Montepuez, kinywe cha Balama na cha Ruangwa, vito vya Tunduru na tanzanaiti ya Mirerani. Wapo wanaopita Quionga na vijiwe vimefungwa kwenye pindo la kitenge au ndani ya kibiriti. Bei ya kijiwe hicho, pamoja na uongo unaosimuliwa juu yake, vina mzizi wao huko kwenye mwamba, na anayeujua mwamba si rahisi kuuziwa chupa.

Ikilinganishwa na mwamba, mipaka ya hapa ni ya juzi. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma itenganishe makoloni yao. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka na kuichukua Kionga, iliyo kusini mwa mdomo wa mto, wakidai kuwa Wareno hawana haki kaskazini mwa Rasi ya Delgado. Aprili 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wareno wakairudisha mikononi mwao, na mwaka 1919 mkutano wa amani wa Paris ukawathibitishia. Yote hayo kwa pembetatu ya ardhi yenye kama kilomita za mraba 400, ambayo jina lake lilibadilika tahajia tu: Kionga likawa Quionga.

Jiwe la kwanza njiani

Anayetoka Mtwara kwenda Songea kwa barabara hulipata jiwe la kweli akifika Masasi. Kabla ya hapo amepita pwani na uwanda wa juu wa Makonde, ambao ni tabaka juu ya tabaka la mchanga na udongo ulioshikamana. Masasi ndipo vilima vya mawe matupu vinaposimama ghafla nyuma ya nyumba, vyeusi kwa mvua na vyekundu jioni. Kusini mwa mpaka ni vivyo hivyo: atokaye Pemba kwenda Montepuez na Balama huanza na ardhi ya mashapo, kisha vilima vya mawe vikajitokeza kimoja kimoja.

Jiwe hilo kwa sehemu kubwa ni naisi. Mtu akilitazama kwa karibu huona mistari myeupe na myeusi inayopinda na kukunjana, mithili ya kitambaa kilichokamuliwa kikaachwa kikauke bila kunyooshwa. Mistari hiyo ni alama ya kilichoupata mwamba ulipokuwa chini kabisa ya mlima. Kuielewa kunataka kuanza na mwamba ulio mkongwe kuliko huo.

Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi. Ganda lake la juu ni la aina mbili. Lililo chini ya bahari kuu ni jiwe jeusi na zito la volkano, lenye unene wa kilomita kama 7 tu, na halidumu: huzaliwa katikati ya bahari, husogea, kisha huzama tena ndani ya dunia, hata sehemu kubwa ya sakafu ya bahari za leo haizidi umri wa miaka milioni 200. Ganda la mabara ni jepesi zaidi, nalo hufika unene wa kilomita 35 hadi 40. Kwa wepesi wake hukataa kuzama. Kwa hiyo atafutaye historia ndefu ya dunia huitafuta nchi kavu.

Wepesi huo ulitoka wapi? Anayepika mafuta ya nazi ana jibu jikoni mwake. Tui likikaa motoni muda mrefu, mafuta hujitenga na kupanda juu, na masalia hubaki chini ya sufuria. Jiwe zito la bahari linapozama huenda na maji yaliyonaswa ndani yake, na maji hayo huwezesha jiwe kuanza kuyeyuka kwa joto ambalo jiwe kavu lingelivumilia. Haliyeyuki lote. Sehemu nyepesi, yenye silika nyingi, hujitenga na kupanda, kisha hupoa na kuwa graniti na jamaa zake. Hayo yakirudiwa kwa mamilioni ya miaka, kisiwa hadi kisiwa, vipande vya bara hujijenga.

Kipande kikubwa cha namna hiyo kiko Tanzania. Kinaanzia Dodoma na Singida, kinapita Shinyanga, Geita na Mwanza, na kuzunguka Ziwa Victoria hadi magharibi mwa Kenya na kusini mashariki mwa Uganda. Miamba yake mingi ina umri wa kati ya miaka bilioni 2.5 na bilioni 2.8. Jiwe la Bismarck, lile linaloonekana limewekwa majini kwa mkono pale Mwanza, ni la kizazi hicho, na dhahabu ya Geita na ya Migori imo katika miamba ya kipindi hicho. Kitovu hiki kilipoa kikawa kigumu, na mizizi yake ikazama kina kirefu. Milima ilipokuja kusukumwa baadaye, yenyewe ilikunjamana pembeni mwake.

Bahari iliyofungwa

Mashariki ya kitovu hicho palikuwa na bahari. Wajiolojia wameipa jina la Bahari ya Msumbiji, na isichanganywe na Mlango Bahari wa Msumbiji wa leo, ambao ulifunguka baadaye sana, Madagascar ilipoanza kujitenga na Afrika miaka milioni 160 hivi iliyopita. Bahari ile ya kale ilikuwa na fukwe, matope meusi yenye mabaki ya viumbe wadogo, na chokaa iliyotulia kwenye maji ya kina kifupi. Ng'ambo yake kulikuwa na vipande vingine vya bara. Baadhi ya miamba hiyo ya kale bado ipo Cabo Delgado, sehemu za Meluco na Nairoto, ikiwa na umri wa karibu miaka bilioni moja.

Kisha bahari ikafungwa. Kwa kasi isiyozidi ya ukucha kuota, sakafu yake ilizama na vipande vya bara vikakaribiana, hadi vikagongana. Mgongano haukuwa wa siku moja. Tanzania inaonyesha kubanwa kukubwa miaka milioni 640 hivi iliyopita, na kaskazini mwa Msumbiji kubanwa kuliendelea hadi karibu miaka milioni 530 iliyopita. Matokeo yake yalikuwa safu ya milima iliyoanzia Msumbiji, ikapita Tanzania, Kenya na Ethiopia hadi Sudan na Uarabuni. Madagascar, India na Sri Lanka zilikuwa zimegandamana ubavuni. Wanaolinganisha husema ilifanana na Himalaya ya leo. Cabo Delgado vipande vipana vya mwamba vilisukumwa vikapanda juu ya vingine, kama mikeka iliyorundikwa ghalani.

Kilichokuwa chini ya rundo hilo kilipikwa. Kwenye kina cha kilomita 30 au 40 uzito ni wa kutisha na joto hufika nyuzi 800, lakini sehemu kubwa ya mwamba hubaki yabisi. Wanafunzi huiita miamba ya namna hii miamba geu, na mfinyanzi yeyote anaijua kazi hiyo: chungu kikitoka motoni hakijayeyuka, ila udongo haumo tena. Ndani ya mwamba chembe huachia zilichoshika na kushikana upya. Chokaa ya ufukweni ikawa marumaru, ile inayochongwa Montepuez. Matope ya kawaida yakawa shisti, na yaliyobanwa zaidi yakawa naisi yenye ganeti nyekundu ndani yake. Ganeti ni shahidi mzuri, kwa sababu viambato vyake hubadilika kadiri ya joto na mgandamizo; kwa kuzipima wataalamu wamejua kwamba mawe yaliyo leo juu ya Uluguru na Usambara yaliwahi kuwa kwenye vina hivyo.

Matope meusi ndiyo yenye hadithi nzuri kuliko yote. Kaboni ya viumbe waliokufa katika bahari ile ilibanwa ikawa kinywe. Mgodi wa Balama, ulioanza kuzalisha mwaka 2017, unachimba hayo, na kaskazini ya Ruvuma kinywe hichohicho kipo Ruangwa mkoani Lindi na Mahenge mkoani Morogoro. Leo kinatafutwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Matope yaleyale yalibeba pia vanadi, na vanadi ndiyo iliyoipa tanzanaiti ubuluu wake na tsavoriti ya Taita Taveta kijani chake. Hii ndiyo sababu wachimbaji wa Mirerani hutoka shimoni weusi tititi kwa kinywe: kito na vumbi vina asili moja.

Rubi ina masharti magumu zaidi. Yenyewe ni alumini na oksijeni, ikitiwa wekundu na kromi kidogo. Alumini ipo tele ardhini, lakini silika nayo ipo tele, na zikikutana hufanya mawe ya kawaida yasiyo na bei. Rubi hutokea pale ambapo silika imekosekana. Mahenge iliota ndani ya marumaru. Montepuez iliota katika mwamba mweusi uliotokana na jiwe zito, ambao silika yake ni chache. Tofauti hiyo hufika hadi kwenye meza ya mnunuzi. Rubi ya Mahenge ina chuma kidogo, hivyo huwaka nyekundu kali chini ya tochi ya miale ya urujuani. Ya Montepuez ina chuma zaidi na kwa kawaida huwaka kwa unyonge. Broka anayelikataa jiwe la Montepuez kwa kuwa haliwaki kama la Mahenge anajinyima riziki.

Ukubwa wa riziki yenyewe ulionekana New York, Juni 2023. Rubi moja ya Montepuez, iliyotoka ardhini ikiwa na karati 101 na kukatwa ikabaki 55.22, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 34.8 za Marekani.

Aliyeupa ukanda huu jina la Msumbiji alikuwa Mwingereza Arthur Holmes. Mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka 21, aliajiriwa kutafuta madini kaskazini mwa Msumbiji. Madini ya kuuzika hakuyapata. Alipata malaria kali kiasi kwamba habari za kifo chake zilifika London kabla yake. Lakini alikuwa tayari mmoja wa watu wa kwanza duniani kupima umri wa jiwe kwa kutumia urani, ambayo hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya aina yake kuu hugeuka katika miaka bilioni 4.5. Miongo minne baadaye, akikusanya vipimo vya sehemu nyingi za Afrika, aliueleza ukanda mzima na kuuita wa Msumbiji. Rubi za Montepuez hakuziona. Zilikuja kugunduliwa mwaka 2009.

Mto unaochekecha

Mlima hauna budi kuliwa na mvua. Kilomita nyingi za mwamba zilimomonyoka hadi mizizi ya milima ile ikawa ndiyo uso wa nchi, na Ruvuma ni mmoja wa mito inayoendelea na kazi hiyo. Unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, unakwenda kilomita kama 800, na humwaga mzigo wake baharini jirani na Quionga.

Mto huchekecha kama mama mwenye ungo. Kilicho kizito hubaki nyuma. Safaya, spineli, ganeti na krisoberili ni nzito kuliko mchanga wa kawaida, hivyo hujificha katika changarawe za mito ya bara. Ndizo zilizoleta mkurupuko wa Tunduru katika miaka ya 1990. Madini laini huoza yakawa udongo wa mfinyanzi. Kwatzi haiozi wala haina uzito mkubwa, basi husafiri hadi mwisho. Punje ndogo za zirkoni husafiri nayo, nazo ni saa ya urani ileile ya Holmes.

Mchanga mwingine haukuishia ufukweni. Zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita maporomoko ya chini ya bahari yaliupeleka kilindini, ukafunikwa na matope, na nafasi zilizo kati ya punje zake zikajaa gesi. Gesi hiyo ndiyo iliyogunduliwa mwaka 2010 nje ya pwani ya Palma, ndiyo iliyobadilisha Afungi, na ndiyo iliyojaza meli ya kwanza kutoka Coral Sul Novemba 2022. Watu wa Palma na Quionga wamekwishaona pia upande wa pili wa miaka hiyo, kuanzia mashambulizi ya Machi 2021 na watu kukimbilia ng'ambo ya mto.

Kwa mfanyabiashara, uchekechaji huo una maana ya papo hapo. Mtu akija Quionga na jiwe jekundu lenye kona kali, akasema ameliokota ufukweni, kuna mambo mawili: jiwe limebebwa na binadamu kutoka bara, au ni chupa. Mto haungelifikisha hapa likiwa kubwa na lenye kona.

Chupa hukwaruzwa na kwatzi, rubi haikwaruzwi. Ganeti ni ngumu kuliko chupa, hivyo kipimo hicho peke yake hakitoshi. Jiwe likigeuzwa polepole kwenye mwanga, rubi huonyesha rangi mbili, nyekundu ya zambarau na nyekundu inayoelekea machungwa, huku ganeti, spineli na chupa zikibaki na rangi moja. Anayeogopa kukosea atumie maabara, maana spineli nzuri ya Mahenge nayo ina bei yake na si hasara kuipata.

Hila inayoumiza zaidi ni ya rubi ya kweli. Jiwe la Montepuez la daraja la chini, lenye nyufa tele, hupelekwa viwandani ng'ambo na nyufa zake kujazwa kioo chenye risasi. Hurudi sokoni likiwa safi kama tone la maji, na hupita kipimo cha rangi mbili kwa sababu ni rubi kweli. Kwenye lenzi ya mkono huonekana viputo na mng'aro wa buluu ndani ya nyufa. Maji ya limau huula ujazo huo, na jiwe lililolazwa humo usiku kucha huamka na michirizi meupe. Bila shaka hakuna muuzaji atakayekubali jiwe lake lilale kwenye limau kabla ya kulipwa, na kukataa kwake si ushahidi wa kitu.

Liko jambo ambalo tochi wala lenzi havioni. Mwamba ni mmoja, sheria ni mbili. Msumbiji ina Sheria ya Madini ya mwaka 2014, na Tanzania ina ya kwake, ikiwa na masoko maalumu ya madini tangu 2019. Kote kuwili biashara ya vito hutaka leseni, na jiwe lisilo na karatasi ni magendo hata kama limenunuliwa kwa fedha halali. Nchi zote mbili ni wanachama wa SADC, lakini Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mazoea ya Namanga au Busia hayamsaidii mtu Namoto. Februari 2017 Msumbiji iliwaondoa maelfu ya watu katika machimbo ya Montepuez, Watanzania wengi wakiwamo. Wengi wao walirudi ng'ambo ya Ruvuma na nguo walizovaa, simu na mitaji yao vikiwa vimebaki.